Ziba jua ndio uone: nyota za mkia, taji la jua na sisi watu wa Malindi

(Niliyasema haya Malindi mbele ya wanafunzi, walimu wao na wazee kadhaa waliotoka Ngomeni. Wengi wameniomba niyaandike, basi haya hapa, karibu vile vile nilivyosema, pamoja na pale waliponikatiza.)

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Wazee wangu wa Ngomeni shikamooni na poleni na njia. Mwalimu asante kwa projekta, ikizima katikati tutaendelea hivo hivo.

Hebu angalieni hio picha ukutani. Najua haivutii. Buluu tupu, katikati kuna duara jeusi, ndani ya duara kuna kiduara chembamba cheupe, alafu kuna kitu kama mkono mweusi kinatoka katikati kinakwenda mpaka kona ya chini kushoto. Hicho kiduara cheupe kimechorwa na kompyuta tu kuonyesha jua lilipo na ukubwa wake. Lile duara jeusi ni kisahani kilichowekwa makusudi jua lisiingie kwenye kamera, na ule mkono ni kivuli cha mhimili unaokishikilia. Hizi nyuzi nyeupe zinazotawanyika pande zote ndizo taji la jua, wataalamu waliita korona, yani gesi ya nje kabisa ya jua. Na huku chini, hiki kidoa chenye kamkia, mwakiona? Hii ni nyota ya mkia, yani kitonge cha barafu na vumbi, inakwenda kwenye jua na haitatoka upande wa pili.

Sasa kwanini wazibe jua ikiwa wanataka kuangalia jua? Kwasababu mwanga wa uso wa jua unauzidi mwanga wa taji kama mara milioni. Wazee, asubuhi mko ufuoni mwatafuta mashua ya mwenzenu na jua ndio linachomoza limewakabili, mwafanyaje? Mwaweka kiganja juu ya macho. Basi ndio hayo hayo. Mfaransa mmoja Bernard Lyot miaka ya mwanzo ya 1930 alikwenda juu ya mlima Pic du Midi akaweka kisahani ndani ya teleskopu, akahangaika na kila chembe ya vumbi kwenye lenzi, na akaliona taji bila kungoja kupatwa kwa jua. Kabla yake ilikuwa Mungu peke yake analiziba jua kwa mwezi, nawe kama mtaalamu unafunga safari, unakaa, na wingu likija umekula hasara. Mnakumbuka Novemba 3, 2013 watu walivofunga safari mpaka Turkana? Jua lilipatwa lote sekunde chache tu, na wengi waliofika pale walikuta mawingu na vumbi. Na Juni 30, 1973 kivuli cha mwezi kilipokatiza Afrika mpaka kaskazini ya Kenya, wanasayansi walipanda ndege ya Concorde wakakimbizana nacho juu ya Sahara wakakaa gizani dakika 74. Hebu fikiria, ndege nzima ile kwa ajili ya zile nyuzi nyeupe mnazoziona hapo.

Hata kisahani cha Lyot kina mpaka wake, kwasababu hewa yetu yenyewe inatawanya mwanga. Mbingu ni buluu, huwezi kuizima. Dawa ni kutoka nje ya hewa kabisa.

Ndio tunafika kwenye chombo kinachoitwa SOHO, cha Wazungu wa shirika la anga la Ulaya pamoja na NASA, kilichorushwa Desemba 2, 1995. Hakizunguki dunia. Kimekaa upande wa jua, kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, sehemu ambayo mvuto wa jua na wa dunia vinapatana kiasi kwamba chombo kinalizunguka jua sambamba na sisi, mwaka kwa mwaka, na huko hakuna usiku wala machweo. Ndani yake kuna kamera za taji zinaitwa LASCO. Zilikuwa tatu, C1, C2 na C3. C2 inaona karibu na jua, C3 ndio hii ya buluu inaona mbali, kama kilomita milioni 20 kila upande wa jua. C1 ilikufa, na hiki kisa lazima niwape hata kama kitanilia muda.

Juni 25, 1998 mafundi wakiwa kwenye matengenezo ya kawaida walituma amri zenye makosa, chombo kikapoteza mwelekeo, kikaanza kuzunguka na paneli za umeme zikalipa jua ubavu. Hakuna umeme, hakuna redio, kimya. Mwezi mzima hawajui hata kiko hali gani. Mwishowe lile dishi kubwa la Arecibo kule Puerto Rico likatuma mawimbi ya rada, dishi la Goldstone Marekani likasikiliza mwangwi, na wakakigundua kiko pale pale kinajizungukia taratibu, mara moja kila sekunde 53. Agosti 3 kikatoa sauti ya sekunde chache. Sasa hapo mtu asiye na subira angeharibu, manake mafuta yake yalikuwa yameganda, betri ziko tupu, ikabidi wachaji kidogo, wayeyushe mafuta kidogo, wachaji tena, wiki baada ya wiki, mpaka katikati ya Septemba ndio kikalielekea jua tena. Vifaa vingine ndani vilikuwa vimepata baridi ya nyuzi mia na ishirini chini ya sifuri na vingine joto la karibu kuchemsha maji. Vikafanya kazi karibu vyote! C1 ndio haikurudi. Alafu Desemba ya mwaka huo huo jairoskopu ya mwisho ikafa, zile za kukijulisha chombo kimegeukia wapi, na badala ya kulia wakaandika programu mpya ya kukiendesha bila jairoskopu. Kilitengenezwa kifanye kazi miaka 2, na kikaendelea kwa karibu miaka 30. Mie nikisikia fundi anasema kitu hiki hakitengenezeki huwa namtazama tu.

(Hapo kijana mmoja akauliza: na zile nyota za mkia walizitafuta?)

Hapana, na ndio utamu wake. SOHO haikupelekwa kutafuta nyota za mkia. Ilipelekwa kuangalia jua, nyota za mkia zikaja zenyewe. Kabla yake, kutoka ardhini watu walikuwa wamegundua kama 900 tangu mwaka 1761, na kutoka angani kama dazeni moja tu. SOHO peke yake ilifika ya 5,000 mwezi wa Machi 2024. Ya kwanza kabisa kugunduliwa kutoka angani ilipatikana kwenye picha za 1979 za setilaiti ya Marekani P78-1, iliyokuwa na kamera ya taji inaitwa Solwind. Mwajua setilaiti hio iliishaje? Septemba 13, 1985 jeshi la Marekani lilitaka kujaribu kombora la kuangusha setilaiti, wakaichagua hio hio, ikiwa bado inafanya kazi, wakaipasua. Sina la kuongeza hapo, nyie ni watu wazima.

Hizi zinazolikaribia jua nyingi ni za ukoo mmoja. Mjerumani Heinrich Kreutz, mwishoni mwa karne ya 19, aliona kwamba nyota kubwa za mkia za miaka tofauti tofauti zilipita njia ile ile karibu ya kugusa jua, na ndio maana zikaitwa kundi la Kreutz. Inaaminika ilikuwepo moja kubwa zamani sana, ikapasuka, vipande vikapasuka tena, na mpaka leo tunapokea makombo. Zaidi ya asilimia 80 za SOHO ni hizo. Ile ya 1882 ilionekana mchana kweupe karibu na jua. Ikeya-Seki ya 1965 pia, na hii wazee huenda mmeisikia. Lakini nyingi anazoziona SOHO ni vipande vidogo, mita kadhaa mpaka makumi ya mita, barafu na vumbi, vinafika karibu na jua, vinawaka, vimekwisha.

Na nani anazitafuta? Hapa ndio nilipopania tangu mwanzo. Si maprofesa. Picha za SOHO zinawekwa kwenye intaneti karibu hapo hapo, bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzichambua. Kuna mradi unaitwa Sungrazer, unasimamiwa na Karl Battams wa maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, ambako ripoti za watu zinapokelewa na kuhakikiwa. Nyota ya 2,000 iligunduliwa na Mpolandi Michał Kusiak mwaka 2010, ya 3,000 na Worachate Boonplod wa Thailand mwaka 2015, na ile ya 5,000 na Hanjie Tan, kijana wa Guangzhou, China, aliyekuwa anasoma Prague. Huyo Tan alianza kazi hii akiwa na miaka 13. Kumi na tatu! Wako hapa mstari wa mbele watoto wa umri huo, nawaona mwajificha.

Sasa mzee mmoja hapo nje aliniuliza swali zuri, akasema mwanangu, vipande vya barafu vinaungua kwenye jua, hio yatusaidia nini? Jibu lake ni hili. Uso wa jua una joto la nyuzi kama 5,500. Ukitoka nje kidogo kwenye taji, joto linapanda, linafika milioni moja, milioni mbili. Ukiondoka kwenye moto unatarajia kupoa, na huku mambo ni kinyume, na mpaka leo wataalamu hawajamaliza kubishana ni nini hasa kinachopasha lile taji, ingawa wote wanaielekezea kidole sumaku ya jua. Sasa utapimaje kitu hicho? Chombo cha Parker Solar Probe, ambacho ndicho kilichokwenda karibu zaidi ya vyombo vyote vya binadamu, Desemba 24, 2024 kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka uso wa jua kwa mwendo wa kilomita 690,000 kwa saa, na kina ngao ya kaboni nene ya sentimita 11 na kitu. Wahandisi wamefanya kazi, sikatai. Lakini nyota ya mkia ya Lovejoy, aliyoigundua Terry Lovejoy wa Australia mwishoni mwa Novemba 2011, ilipita Desemba 16 mwaka huo kilomita 140,000 tu juu ya uso wa jua. Haina ngao, haina injini. Na ikatoka upande wa pili!

Kila mtu alikuwa ameshaiandikia taazia. Kwenye picha za SDO, setilaiti ya NASA ya kuangalia jua, inaonekana inaingia, inapotea nyuma ya jua, na baadae inachomoza upande mwingine ikiwa imebakisha mkia nyuma. Na mkia wenyewe haukunyooka, ulikuwa unayumba huku na huku, kwasababu mvuke wa ile barafu ukishapigwa na mwanga wa jua unavunjika, chembe zake zinapata umeme, na chembe zenye umeme hazina hiari, zinafuata njia za sumaku. Kwahivo zile njia za sumaku za jua ambazo hakuna kamera inayoziona zikajichora zenyewe kwa oksijeni ya nyota ya mkia. Mie niliangalia ile video nikarudia nikarudia. Baada ya siku chache kichwa chake kikasambaratika, ukabaki mkia, na watu wa nusu ya kusi ya dunia waliuona alfajiri za Krismasi.

Na msidhani iliungua kwa zile nyuzi milioni. Gesi ya taji ni nyepesi mno, haina wingi wa kuchoma kitu. Kinachoiua ni mwanga wa jua lenyewe, pamoja na mvuto unaoitikisa na kuivuta vipande vipande. ISON ya 2013 ilitangazwa magazetini miezi kabla kwamba itakuwa nyota ya mkia ya karne, ikapita mbali zaidi kuliko Lovejoy, kilomita milioni 1.2 hivi juu ya uso wa jua, na ikafa siku ile ile, Novemba 28. Nyota za mkia hazitabiriki, na mtu akikutangazia miezi kabla kwamba hii itawaka kuliko mwezi, mwambie inshallah tu.

Hata upepo wa jua tuliujua kwa mikia hii. Mwaka 1951 Mjerumani Ludwig Biermann aliona mkia wa gesi wa nyota ya mkia kila mara unaelekea mbali na jua kwa nguvu ambayo mwanga peke yake hauna, akasema lazima kuna kitu kinatoka kwenye jua kila wakati kinaisukuma. Mwaka 1958 Eugene Parker akaandika hesabu yake kwamba taji la moto namna ile haliwezi kutulia, lazima litiririke nje. Wakaguzi wawili wa jarida wakaikataa, mhariri Chandrasekhar akaichapisha hivo hivo. Baadae vyombo vikaenda vikaukuta upepo upo. Na mwaka 2018 Parker akiwa hai, mzee wa miaka 91, alisimama akatazama chombo chenye jina lake kikirushwa.

(Mama mmoja: upepo gani usio na hewa?)

Ni chembe mama, elektroni na protoni, chache sana lakini zinakimbia kilomita mia kadhaa kwa sekunde. Mara nyingine jua linatupa fungu kubwa kwa mpigo. Aprili 20, 2007 setilaiti ya STEREO ililipiga picha fungu kama hilo likiipita nyota ya mkia ya Encke, likaukata mkia wake wote, na ikaota mwingine papo hapo. Fungu hilo likija duniani GPS na redio vinayumba, kama ile dhoruba kubwa ya Mei 2024, na ndio sababu serikali zinatia pesa kwenye mambo haya, si kwa mapenzi ya nyota za mkia.

Sasa tuje Ngomeni. Wazee hawa wanajua kuliko mimi. Zile nguzo zilizosimama baharini ni za San Marco, ya Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio, na kutoka hapo setilaiti zilirushwa tangu 1967 mpaka 1988. Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya kutimiza miaka 7, ilirushwa pale setilaiti ya Marekani ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani iliyotengewa eksirei za mbinguni tu, na katalogi yake ya mwisho ina vyanzo 339. Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti ule alipata Nobel mwaka 2002. Walichagua hapa kwasababu tuko karibu na ikweta, dunia inakusukuma bure na setilaiti inazunguka bila kupita kwenye mnururisho mbaya wa Atlantiki ya kusini.

Na eksirei zina mkono wao kwenye kisa chetu. Mwaka 1996 setilaiti ya Wajerumani, ROSAT, ilielekezwa kwa nyota ya mkia ya Hyakutake, na kumbe barafu ile inatoa eksirei! Watu walishangaa, eksirei zataka joto la mamilioni. Ikaja kueleweka kwamba chembe nzito za upepo wa jua, zilizonyang'anywa elektroni zao kwenye joto la taji, zikifika kwa nyota ya mkia zinajinyakulia elektroni za mvuke wake, na katika kunyakua huko ndio eksirei inatoka. Kazi iliyopitia mlangoni mwetu hapa, eksirei kutoka angani, miaka 26 baadae ikaonyesha taji la jua linavoishika nyota ya mkia. Na pale Ngomeni tumetazama roketi zikipanda, tukashangilia, tukarudi kwenye nyavu. Hilo lilinikera mie tangu utotoni na bado linanikera, kwasababu siku hizi haihitaji nguzo baharini, yahitaji bando.

Kwahivo fanyeni hivi. Tafuteni kwenye intaneti SOHO LASCO, mshushe picha za C3 na C2 za siku moja, mzipange zifuatane, alafu mzipitishe mbio mbio. Mtaona vidoa vingi. Kidoa kilichopo kwenye picha moja tu, kimeondoka kwenye ya pili, hicho ni chembe ya anga imepiga kamera, achana nacho. Vinavyohama vyote pamoja taratibu kutoka kushoto kwenda kulia ni nyota za kawaida. Kinachong'aa mpaka kimetoa mistari ya kulala pande mbili ni sayari, mara nyingi Zuhura. Wewe unatafuta kidoa kinachokwenda njia yake peke yake, picha baada ya picha, kwa mwendo wa kueleweka, na za Kreutz mara nyingi zinatokea upande wa chini. Ukikipata kwenye picha kadhaa andika kiko wapi kwenye kila moja, utume ripoti. Na ule mkono mweusi ukiukuta uko kona ya juu kulia msidhani mmekosea, antena ya chombo ilikwama mwaka 2003 kwahivo kila miezi mitatu hivi wanakipindua. C3 ikichosha nendeni kwenye kamera mpya, iko CCOR-1 kwenye setilaiti ya GOES-19 iliyorushwa 2024, na Wahindi wana Aditya-L1. Ile ninayoipenda mie ni Proba-3 ya Ulaya, vyombo viwili vinaruka pamoja mita 150 mbalimbali kwa usahihi wa milimita, kimoja kinamzibia mwenzake jua, saa 6 kila mzunguko. Wale wa Concorde wangelia.

Maswali. (Yalikuwa mengi, naandika matatu.)

La kwanza, ile nyota iliyosambazwa kwenye magrupu mwaka jana ati ni chombo cha viumbe kutoka sayari nyingine. Hio ni 3I/ATLAS, iligunduliwa Julai 1, 2025, imetoka nje ya mfumo wetu wa jua, na hapo kwenye kutoka mbali waliosambaza hawakudanganya. Mwisho wa Oktoba ilikuwa nyuma ya jua, teleskopu za ardhini hazikuiona, lakini kamera za taji za SOHO, STEREO na GOES-19 ziliiona vizuri, inatoa gesi na vumbi kama nyota yoyote ya mkia.

La pili kutoka kwa binti mmoja, je, ukiigundua inapewa jina lako na unalipwa? Hapana na hapana. Zote zinaitwa SOHO, jina la chombo, wewe unaandikwa kwenye orodha ya waliogundua. Akasema basi si haki. Nikamwambia nakubaliana nawe, lakini barua ya kuombea nafasi chuo kikuu yenye mstari huo haifanani na nyingine.

La tatu ni la mzee, kupatwa kwa jua kunakokuja kutaonekana Malindi? Agosti 2, 2027 mchana, lakini kwetu litapatwa sehemu tu. Misikitini tutaswali kama kawaida, taji hatutaliona, na kutazama kwa macho matupu au kwa filamu ya eksirei ya hospitali ni kujipofusha, tafuteni miwani yake maalum mapema. Kivuli chenyewe kinapita Misri, pale Luxor jua litazimwa zaidi ya dakika 6, kisha Saudia, Yemen na ncha ya Somalia. Mie nauli ya Luxor nimeshaanza kuweka, anayetaka twende pamoja anipe jina lake kabla hajatoka mlangoni.